Katibu wa zamani bado anaingia kwenye mafaili ya kikundi, uanzie wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni katibu mpya wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Kumbukumbu zetu zote ziko Google Drive: fomu za mikopo, picha za vitambulisho vya NIDA, mikataba ya dhamana na shiti la hisa na marejesho. Linki ya folda iliwekwa kwenye grupu letu la WhatsApp tangu 2022 ili kila mtu aone. Katibu aliyepita katoka kwa ugomvi ila mpaka leo anaingia. Mwezi huu tumekuta marejesho ya wanachama wawili yamebadilishwa na hakuna anayekubali kwamba ni yeye. Namtoaje huyu mtu, nitajuaje nani kafungua nini, na je tukilipia ndo tutakuwa salama?

Jibu: Dada yangu, pole sana, umepokea ofisi ikiwa na moto ndani. Nakuomba kitu kimoja kabla hujagusa chochote: usimtoe mtu, usifunge linki, na usiandike neno kwenye grupu. Najua mkono unakuwasha, lakini ukianza na kumtoa katibu wa zamani unaweza ukaamka kesho wewe ndo uko nje na folda yote imeondoka naye. Nitakueleza kwa nini.

Kwenye Google Drive ya kawaida kila faili ina mwenyewe mmoja tu, na huyo mwenyewe sio kikundi, ni akaunti ya Gmail ya mtu fulani. Watu wengine wote, hata wale wenye ruhusa ya kuandika, ni wageni tu mbele yake. Mwenyewe anaweza kukutoa, anaweza kufuta, anaweza kufunga linki muda wowote, na wewe huwezi kumtoa yeye kwenye faili yake hata ukibonyeza mpaka vidole viume. Na vikundi vingi nilivyoona hali ni hii hii, mwaka ule mnaanza kuna mtu mmoja alikuwa na simu nzuri na anajua mambo ya intaneti, akafungua folda kwa akaunti yake binafsi, watu wakashukuru, miaka ikapita. Yeye akiondoka, ofisi inaondoka mfukoni mwake bila hata yeye kukusudia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuangalia. Tafuta kompyuta, kwenye simu mambo mengi ya hapa yamefichwa au hayapo kabisa. Ikibidi kutumia kompyuta ya steshenari basi fungua dirisha la siri la brauza ("Incognito"), usikubali ikuhifadhie paswedi, na ukimaliza toka kwenye akaunti kabla hujainuka. Fungua folda, weka mwonekano wa orodha, utaona safu imeandikwa "Owner". Pitia mistari yote taratibu. Usishangae ukikuta majina matatu manne tofauti, kwa sababu faili anayoipakia mtu kwenye folda ya mwenzake inabaki kuwa mali ya aliyeipakia. Mweka hazina akipakia picha ya kitambulisho kwa simu yake, ile picha ni yake na inakula nafasi kwenye zile GB 15 za akaunti yake, ingawa imekaa ndani ya folda ya katibu. Andika pembeni kwenye daftari: faili gani ya nani.

Jambo la pili la kuangalia hapo hapo, wewe mwenyewe umeingiaje? Bonyeza "Share" kwenye folda uone orodha ya watu. Kama anwani yako ya Gmail haimo kwenye orodha, maana yake unaingia kwa linki kama mpita njia yeyote, na siku linki ikifungwa na wewe umefungiwa nje. Watu wengi wanajifunza hili wakiwa wameshachelewa.

Sasa nakala. Leo hii, kabla ya mazungumzo yoyote na yeyote. Drive haikupi njia ya kunakili folda nzima kwa mpigo mmoja, kwa hiyo ingia ndani ya kila folda, chagua faili zote, bonyeza kulia, "Make a copy", nakala zitakuwa mali yako. Au pakua folda nzima, itakuja kama faili ya zip iliyobanwa, au kadhaa kama folda ni kubwa, uiweke kwenye diski ya nje au fleshi ambayo haitembei mitaani. Ukipakua, yale mashiti ya Google yanageuka kuwa Excel na nyaraka zinageuka kuwa Word, hamna shida, namba zipo. Mimi ningefanya zote mbili.

Ila nakala ina upungufu mmoja ambao kwa kesi yako ni mkubwa: nakala inaanza upya, haibebi historia ya nani aliandika nini lini. Historia inabaki kwenye faili ya asili. Na wewe una tuhuma ya namba kubadilishwa, kwa hiyo shiti la marejesho la asili ndo ushahidi wenu na usicheze nalo. Lifungue kwenye kompyuta, nenda kwenye ile selo (kile kiboksi cha namba) ya mwanachama ambaye namba yake imebadilika, bonyeza kulia, chagua "Show edit history". Kitatokea kisanduku kidogo kinachokuonyesha mabadiliko ya selo hiyo moja, jina, tarehe, saa, ilikuwa namba gani ikawa ngapi, una mishale ya kurudi nyuma. Kisha fungua menyu ya "File", nenda "Version history", hapo unaona shiti zima lilivyokuwa siku za nyuma na rangi tofauti kwa kila aliyeandika. Piga skrinshoti za yote haya, tarehe zionekane, uzihifadhi nje ya ile folda.

Inawezekana kabisa ukakuta hakuna jina. Kama linki yenu iliwekwa kwamba yeyote mwenye nayo anaweza kuandika, mtu akiingia bila kusaini akaunti yake Google haimjui, inamuandika kama mtu asiye na jina. Ndo wale wanyama unaowaona juu kulia ya shiti wakati mwingine, kiboko sijui nani, panya wa ajabu wa rangi ya zambarau, kila mgeni asiyejulikana anapewa picha ya mnyama. Ukiona mnyama kwenye shiti la hisa za watu, hiyo ni taarifa kwamba mlango uko wazi. Na ikiwa mabadiliko yamefanywa na mtu asiye na jina, dada yangu, huna ushahidi dhidi ya katibu wa zamani wala dhidi ya mwingine yeyote. Linki imekaa kwenye grupu tangu 2022, imeweza kufowadiwa kwa mume, kwa mtoto anayesaidia kusoma, kwa fundi simu. Hata kidole cha mtu mzima aliyefungua shiti kwenye simu akijaribu kutelezesha kinaweza kufuta namba na kuandika nyingine. Rudisheni namba sahihi kwa kutumia historia na daftari la mkono au vitabu vya wanachama, muandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba zimesahihishwa, mwisho. Msimtaje mtu.

Kama lile shiti sio shiti la Google bali ni faili ya Excel inayopakiwa upya kila mwezi, hapo harakisha zaidi, maana matoleo ya zamani ya faili za namna hiyo yanatunzwa siku 30 au mpaka yafike 100, baada ya hapo yanafutwa isipokuwa kama kuna aliyeyawekea alama ya kutunzwa.

Umeuliza nitajuaje nani kafungua nini. Jibu la kweli ni kwamba kwa akaunti za kawaida huwezi kujua. Ukibonyeza ile alama ya "i" kisha "Activity" utaona nani alipakia, nani alibadilisha jina, nani alimshirikisha nani, lakini aliyefungua akasoma akatoka haandikwi. Aliyepakua haandikwi. Kwa hiyo chukulia kwamba kila kilichokuwemo kwenye folda ile tangu 2022 kimeshaonwa na watu msiowajua, na mpange kwa msingi huo. Kuna anayekuambia ipo programu ya kukuonyesha waliofungua, tafadhali usiipe ruhusa ya kuingia kwenye Drive yako, nitarudi hapo.

Ukishapata nakala na skrinshoti, sasa ndo uongee na katibu wa zamani. Kwa heshima, na ikiwezekana mwenyekiti ndo apige simu, au mzee ambaye wote wawili mnamheshimu. Usiende na lugha ya "umetuibia mafaili", kwa sababu kisheria na kiutu unataka kitu kimoja tu toka kwake, akuhamishie umiliki. Anafanyaje? Kwenye kompyuta anafungua faili, "Share", mbele ya jina la akaunti inayopokea kuna kimshale, anabonyeza anachagua kuhamisha umiliki. Anayepokea anapata barua pepe na lazima akubali, asipokubali hakuna kilichohama, na hapa ndo watu wengi wanakwama, mmoja anasema nimeshatuma mwingine anasema sijaona kitu, kumbe imelala kwenye spamu. Halafu akihamisha folda peke yake faili za ndani hazihami, zinabaki zake. Kwa hiyo msimchoshe na picha mia moja za vitambulisho ambazo nakala mnazo, mwombeni yale machache ambayo historia yake ina thamani, yaani shiti la hisa na marejesho, rejista ya mikopo, na folda kuu.

Akikataa? Basi mnahamia kwenye nakala zenu na maisha yanaendelea, hamjapoteza kazi, mmepoteza historia tu ambayo mmeshaipiga picha. Akifuta kwa hasira, faili inakwenda kwenye pipa lake la taka inakaa siku 30 kisha inafutika moja kwa moja, na anaweza kulimwaga hata siku hiyo hiyo. Ndo maana nikasema nakala kwanza. Na hata asipokuwa na ubaya wowote bado mko hatarini, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google walianza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Kama folda ilifunguliwa na Gmail aliyoitengeneza kwa ajili ya kikundi na tangu atoke haigusi, siku itafika itafutika na kila kilichomo.

Mali zihamie kwa nani sasa? Sio kwako dada. Nakuamini lakini hata wewe utamaliza muda wako. Fungueni akaunti mpya ya Gmail ya kikundi, jina la kikundi, iwe ndo mwenyewe wa kila faili. Lakini isiwe akaunti ambayo paswedi yake imeandikwa nyuma ya daftari na watu sita wanaijua, maana hapo mnarudi kule kule kwa kutojua nani kafanya nini. Nyie mnajua sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti ili mmoja asiweze kufungua peke yake. Akaunti hii itendeeni hivyo hivyo. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani paswedi peke yake haitoshi mpaka simu nayo ithibitishe, namba ya simu ya uthibitisho iwe ya mtu mmoja na paswedi ishikwe na mwingine. Google watawapa kodi 10 za akiba, yaani namba za siri za dharura, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu, zichapeni kwenye karatasi, muweke kwenye bahasha iliyofungwa, bahasha muiweke ndani ya sanduku lenyewe la hela. Simu ikiibiwa au laini ikipotea mnafungua sanduku mbele ya kikao mnatumia kodi moja. Kwa kazi za kila siku akaunti hii haitumiki kabisa, wewe unafanya kazi kwa Gmail yako ambayo imepewa ruhusa ya kuandika, mweka hazina kwa yake, na mtu akitoka madarakani mnaingia kwenye akaunti ya kikundi mnaondoa jina lake, dakika mbili, hakuna ugomvi. Ila muiingie walau mara moja kila baada ya miezi michache ili isihesabiwe kwamba imetelekezwa.

Linki sasa. Kwenye dirisha la "Share" chini kuna sehemu ya "General access" yenye hali mbili zinazowahusu: "Anyone with the link" na "Restricted". Ile ya kwanza maana yake ni kwamba linki ndo ruhusa yenyewe, hakuna kuulizwa wewe ni nani. Watu wanajifariji kwamba linki ni ndefu ina herufi za ajabu nani ataikisia, na kweli hakuna anayeikisia, ila linki zinasafiri. Julai 2018 injini ya utafutaji ya Yandex ya Urusi ilianza kuonyesha nyaraka za Google Docs za watu kwenye matokeo yake, humo watu wakakuta mpaka orodha za paswedi na mawasiliano, na hakukuwa na udukuzi wowote, zilikuwa nyaraka ambazo wenyewe walikuwa wameziacha wazi kwa linki. Mwaka 2014 Dropbox, huduma nyingine ya kuhifadhi mafaili kama Drive, nao ilibidi wazime linki nyingi zilizokuwa zimesheawa baada ya kugundulika kwamba mtu akibonyeza tovuti iliyoandikwa ndani ya waraka, ile tovuti ilikuwa inaweza kuona linki ya waraka alikotokea.

Badilisha iwe "Restricted". Linki ile ile ya kwenye WhatsApp itabaki pale pale lakini asiye kwenye orodha akiibonyeza ataambiwa aombe ruhusa. Halafu sikiliza hili kwa makini: kufunga folda hakufungi faili ambayo ilishawahi kufunguliwa kwa linki yake yenyewe. Kama 2023 mtu alishea shiti la hisa peke yake kwa linki, lile shiti liko wazi mpaka leo hata folda ukiifunga kwa kufuli saba. Lazima upitie faili moja moja, hasa mashiti na zile nyaraka za vitambulisho. Njia ya kuhakikisha ni rahisi, nakili linki, fungua dirisha la siri la brauza ambamo hujasaini kitu, bandika. Ikifunguka, bado iko wazi. Ikikutaka usaini, umeziba. Kwa hizo nakala mpya habari njema ni kwamba nakala huzaliwa ikiwa imefungwa, mradi ikae kwenye folda yako mwenyewe na sio ndani ya ile iliyo wazi, na usiweke tiki pale panapouliza kama unataka kuwashea watu wale wale wa zamani. Kwa upande wangu ningewashauri muanze na folda mpya kabisa yenye linki mpya kuliko kuikarabati ile ya zamani, mnajua mnachokijenga.

Swali litakalofuata ni wanachama wataonaje hisa zao, maana uwazi ndo roho ya kikundi na mkifunga kila kitu kesho mtaambiwa mnaficha hela. Mna haki ya kuogopa hilo. Lakini tenganisheni vitu viwili ambavyo 2022 viliwekwa kwenye kapu moja. Kuna vitu vya wote: muhtasari wa vikao, katiba, jumla ya hisa, jumla ya mikopo iliyoko nje, baki benki. Kuna vitu vya mtu: kitambulisho chake, mkataba wake, picha ya kadi ya pikipiki aliyoweka dhamana, namba ya simu ya mdhamini. Vya wote viweke kwenye folda moja, wanachama wawe na ruhusa ya kusoma tu. Vya mtu viwe folda nyingine kabisa isiyokuwa ndani ya ile ya kwanza, kwa sababu ruhusa ya folda inateremka mpaka kwenye kila kilichomo, na humo awemo katibu, mwenyekiti na yule wa kamati ya mikopo basi. Mwanachama wa kawaida hana sababu ya kuona kitambulisho cha jirani yake. Hata mweka hazina, nikifikiria kazi yake, anahitaji namba na sio picha za NIDA.

Na tafadhali usifanye ule ujanja wa kuficha safu au kuficha ukurasa ndani ya shiti ukidhani umeficha siri. Safu yenye namba za simu ukiificha, mtu mwenye ruhusa ya kusoma anatengeneza nakala yake na kwenye nakala yeye ndo mwenyewe, anaifichua. Google wenyewe wanasema kulinda shiti sio njia ya usalama, ni ya kuzuia makosa ya kuandika. Kama unataka watu waone jumla bila majina, tengeneza shiti jingine, bandika namba peke yake.

Sasa kumuweka mtu kwa jina unahitaji Gmail yake, na utasikia "mimi sina imeili". Karibu kila mwenye simu ya Android iliyo na Play Store anayo, ila alisajiliwa na muuza duka la simu na hajui. Mwambie afungue Play Store aguse ile duara ya picha juu kulia, anwani yake itaonekana pale. Uhakikishe ni akaunti anayoweza kuingia, kuna wengine ile paswedi iko kwa muuza simu mpaka leo na hiyo nayo ni hatari. Kwa wasiotaka au wenye simu ndogo, kila mwezi toa PDF ya ukurasa mmoja wa jumla, itume kwenye grupu au ichapwe isomwe kikaoni. Kusema ukweli kwa vikundi vingi PDF ya mwezi inatosha kabisa, Drive ibaki ya viongozi.

Kwenye lile dirisha la "Share" kuna alama ya gia juu. Ifungue. Kuna tiki inayoruhusu wenye ruhusa ya kuandika wabadilishe ruhusa na kuongeza watu, iondoe, la sivyo mweka hazina anaweza kumuingiza mtu bila wewe kujua, na pengine ndivyo folda yenu ilivyojaa. Kuna nyingine ya kuruhusu wasomaji wapakue, wachape na kunakili, iondoe pia kwenye faili za vitambulisho moja moja, ingawa usiitegemee sana, skrinshoti haizuiliki. Halafu ukishafunga linki utaanza kupata barua pepe za watu wanaoomba ruhusa. Usibonyeze kukubali ukiwa kwenye daladala. Angalia anwani, mpigie huyo mwanachama umuulize kama ni yeye, na uangalie anaomba kusoma au kuandika.

Zile picha za NIDA zinanikosesha raha kuliko hata namba zilizobadilishwa, kwa sababu namba mtazirudisha lakini picha iliyopakuliwa hairudi. Hakuna kitufe cha kuichomoa kwenye simu ya mtu. Tapeli akiwa na jina kamili la mama, namba ya kitambulisho, sura, namba ya simu na kiasi cha mkopo anachodaiwa, akimpigia na kujifanya anatoka kwenye kikundi au benki huyo mama ataamini, na wengi wametuma hela kwa namna hiyo. Kwa hiyo waambieni wanachama kikaoni, wazi kabisa, kwamba folda ilikuwa wazi, imefungwa tarehe fulani, na yeyote atakayepigiwa akitajiwa habari za mkopo wake asitume hela kabla hajampigia mweka hazina. Najua ni aibu kulisema, lakini ni haki yao, taarifa ni zao. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Kwa jirani zetu Kenya sheria yao ya 2019 imeshauma, mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo kikundi kidogo kisijione kiko nje ya mambo haya.

Na je mnazihitaji hizo picha? Mkopo ukishamalizwa kitambulisho cha mkopaji kinafanya nini kwenye Drive mwaka wa tatu? Futeni vya mikopo iliyofungwa, na pipa la taka mlimwage. Vinavyobaki, siku nyingine mwanachama akileta kopi mwambie aandike kwa peni juu ya karatasi yenyewe, katikati, isiguse namba wala sura, "kwa ajili ya mkopo wa kikundi tu" na tarehe, ndipo muipige picha. Kopi yenye maandishi hayo haina thamani kubwa kwa tapeli.

Kuhusu zile programu nilizosema nitarudi: Mei 2017 ilisambaa barua pepe duniani ikisema fulani amekushea waraka, ukibonyeza unapelekwa kwenye ukurasa halali wa Google unaokuomba ruhusa kwa programu iliyojiita Google Docs, ukikubali inaingia kwenye barua zako na kujituma kwa watu wako wote. Google waliizima ndani ya saa moja hivi, lakini somo lake bado lipo, hawakuhitaji paswedi ya mtu hata moja. Ingia kwenye akaunti ya kikundi na yako, sehemu ya usalama, angalia programu zilizopewa ruhusa, ondoa usiyoijua. Hapo hapo angalia orodha ya vifaa vilivyosaini, ukiona simu ya zamani ya mtu itoe.

Umeuliza kulipia. Kama unafikiria Google One, ile kazi yake kubwa ni kuongeza nafasi, haibadilishi nani anaona nini. Kitu ambacho kingewasaidia kweli ni Drive ya pamoja ya Google Workspace, huduma ya Google ya kulipia kwa ajili ya taasisi, ambayo faili zinakuwa mali ya taasisi na sio ya mtu, na unaweza kumpa mkaguzi ruhusa inayokwisha yenyewe tarehe fulani. Lakini sio kila kifurushi kina hayo, na malipo ni kwa kila mtumiaji kila mwezi, kwa hiyo soma kwanza kifurushi kinatoa nini. Kwa kikundi cha ukubwa wenu na viongozi watatu wanaoandika mimi hela hiyo ningeiacha kwenye mfuko wa jamii, na badala yake kwenye katiba mliyoipeleka halmashauri muongeze kifungu kimoja: kiongozi akitoka, makabidhiano ya akaunti na mafaili yafanyike mbele ya kikao siku hiyo hiyo kama mnavyokabidhiana funguo.

Anza na nakala usiku huu. Ukikwama kwenye kuhamisha umiliki niandikie unaona maneno gani kwenye skrini nitakuongoza, ila linki yenyewe usinitumie.